Mkoromo wa Mzee Dadi

Jumanne, 1 Juni 1976

Baridi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na fundi wa nyumba ya mwalimu amesema tena kwamba saruji haijafika. Haijafika tangu mwaka jana. Basi mimi Lukasi, mwalimu wa darasa la tano, Mnyamwezi halisi wa Tabora, naendelea kukaa kwa mama mkwe kama mwali wa ndani. Chumba kimoja mimi na Kristina. Chumba cha pili Bibi Magdalena na binti yetu Dadi. Katikati ukuta wa udongo usiofika juu. Mtu akikohoa kule, huku tunampa pole.

Na huo mkoromo — mtoto wa miaka saba, mikono kama fito, anakoroma kuliko lori la ndizi likipanda kutoka Matombo. Kwingine wazazi wangeona haya. Hapa ni heshima. Mzee Dadi, kaka yake Bibi Magdalena, alikuwa mndewa, mkubwa wa ukoo wao, na alikoroma akasikika ng'ambo ya mto. Alipofariki, mtoto wa kwanza kuzaliwa akapewa jina lake. Akatokea wa kike. Jina likabaki hilo hilo. Alipoanza kukoroma, ukoo mzima ulikuja kusikiliza. Mpaka leo watu wakitoka kilabuni husimama chini ya dirisha na kusema, "Shikamoo, Mzee." Kwa adabu kabisa.

Mimi huwa naitikia "Marahaba" nikiwa kitandani kwangu. Kristina hunifinya.

Ijumaa, 4 Juni

Mwalimu Margareth wa darasa la kwanza amenikabidhi binti yangu kama mzigo wa kuni. Amemkuta amelala kwenye tuta la mchicha la shule, jembe mkononi. Si mara ya kwanza. Wenzake wamempa jina — Kupe. Mwalimu Mkuu amewafundisha vizuri kwamba kupe ni mtu anayeishi kwa jasho la wenzake, na watoto ni wepisi wa siasa.

Dadi amemng'ata mmoja wao begani. Nimemwambia kupe hang'ati hivyo, kupe anafyonza. Hakucheka. Amesema, "Baba, silali mimi. Usingizi ndio unanikamata." Asubuhi kichwa kinamuuma. Mkeka unaanikwa kila siku. Kristina anasema mtoto anakua, ataacha. Nikamuuliza anakua kuelekea wapi, maana gauni la Krismasi ya juzi linamtosha mpaka leo. Akaninyamazia. Akininyamazia ujue nimesema kweli.

Jumapili, 6 Juni

Misa. Katikati ya mahubiri Dadi akasinzia, na dakika haikupita akaanza. Padri akasita, akatazama bati, akadhani mvua. Bibi Magdalena akainua kidevu na kujitengeneza khanga kama mama wa bwana harusi. Nje ya kanisa wazee wawili wenye vipara wakamwamkia mtoto shikamoo. Akaitikia marahaba bila aibu. Mtoto anayeamkiwa na vipara, mimi nitamtumaje maji?

Usiku huu nimesikiliza vizuri. Zamani ukimya ulipokuja nilishukuru Mungu na kuuwahi usingizi. Leo nimeuchunguza huo ukimya. Anakoroma, anakoroma, halafu — kimya. Si kimya cha mtu aliyelala vizuri. Kimya cha mtu aliyezibwa. Kisha anavuta hewa kwa kishindo, kama aliyeibuka mtoni, na lori linaanza upya.

Saa sina, niliiuza Tabora. Nikapima kwa Salamu Maria, polepole, kama tunavyosali kwenye Rozari. Mara ya kwanza nilifika "umejaa neema". Mara ya pili nikafika kwa Yesu.

Jumatatu, 7 Juni

Nimemwambia Kristina. Hakushangaa hata kidogo. Anasema Mzee Dadi naye alikuwa hivyo hivyo. Akinyamaza watu walijua anasikiliza wazee wa zamani, na akirudi kukoroma, ujue wamemaliza kumpa maneno.

Msiba ule ulinikuta Tabora; nikamuuliza, na Mzee Dadi alikufaje?

Usingizini, anasema. Kwa amani. Alinyamaza kusikiliza, akakawia.

Nimelieleza hili hapa ili nione kama likiandikwa linapungua. Halipungui.

Ningependa kumwona mwanangu akilala. Jambo dogo! Lakini analala na bibi yake, na mwanamume haingii chumbani kwa mama mkwe. Hata njiani tukikutana mimi huingia kwenye mashamba ya kahawa ya watu mpaka apite. Namjua mama huyu miaka tisa na sijawahi kuona nyayo za kiatu chake kwa karibu. Nikamtuma Kristina na kibatari. Amerudi amebadilika sura kidogo. Kichwa cha mtoto kimetupwa nyuma, mdomo wazi, jasho linamtiririka katika baridi hii. Kifua kinapanda na kushuka hata wakati wa kimya, anasema. Kinafanya kazi bure.

Halafu akasema labda amefunikwa blanketi zito. Amejilaza, amenipa mgongo.

Jumatano, 9 Juni

Nimefika "saa ya kufa kwetu". Nikasema Amina. Bado kimya.

Nimeingia.

Alhamisi, 10 Juni

Jana sikuweza kuandika zaidi.

Nilivuka kile kizingiti miguu mitupu, kaptura ya kulalia, kifua wazi. Nikamnyakua Dadi, nikamkalisha. Midomo yake kwenye mwanga wa kibatari sikuipenda rangi yake. Akavuta hewa, akalia, akanitapikia. Sikuwahi kufurahi kutapikiwa kabla ya jana. Ndipo nikamwona Bibi Magdalena ameketi kitandani, khanga ameivuta mpaka machoni. Ungeniuliza wakati ule jina langu ningekutajia la mtu mwingine.

Leo kijiji kizima kinajua. Wanafunzi wangu wamenisalimu kwa sauti ndefu. Chakula changu kimeletwa barazani na mtoto wa jirani. Mkwe amehamia kwa dada yake mpaka kesi iishe, na Dadi amekwenda naye. Mkoromo wenyewe umeniacha.

Jumamosi, 12 Juni

Kesi. Mwamuzi ni shemeji yangu Athanas, kaka yake Kristina, balozi wa nyumba kumi, mtu mwenye sauti ya kanisani na macho ya sokoni. Yeye ndiye mjomba wa Dadi. Kwa hawa Waluguru baba ni mgeni aliyekaribishwa vizuri. Mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno.

Nikaeleza habari ya kimya. Nikaeleza mpaka rangi ya midomo. Wazee wakasikiliza kwa makini, kisha Athanas akasema, "Mtani, ninyi Wanyamwezi mmebeba mizigo ya watu tangu zamani. Sasa mmeanza kubeba na pumzi za watu?" Wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Nami nikacheka, utani ni utani. Lakini nilicheka kwa mdomo.

Nimetozwa kuku jike mweusi na doti ya khanga. Mkwe amerudi. Kuku nimemtoa bila kunung'unika. Kama ndiyo bei ya kuingia, nitafuga wengi.

Nimeomba ruhusa ya kumpeleka Dadi mjini kununuliwa viatu. Imekubaliwa. Viatu! Mungu atanisamehe, anajua hali ya maduka.

Jumanne, 15 Juni

Morogoro. Tumeshuka na lori la ndizi, mimi na Dadi juu ya mikungu, yeye akikoroma na utingo akishangaa injini imepatwa na nini.

Daktari Salum ni kijana wa Tanga, ndevu chache, haraka nyingi. Aliandika bila kunitazama mpaka Dadi alipolala kwenye benchi lake na kuanza. Kalamu ikasimama. Akaja, akachuchumaa. Alipokuja ukimya akachukua pamba, akakwanyua kipande kidogo, akakiweka mbele ya pua ya Dadi. Akanishika mkono na kuuweka juu ya kifua cha mtoto.

"Unaona? Kifua kinavuta. Pamba haitikisiki."

Haikutikisika. Kisha ikaruka.

Akaanza kuniuliza. Anakojoa kitandani? Ndiyo. Jasho? Ndiyo. Kichwa asubuhi? Hakui? Analala darasani? Ana hasira? "Ameng'ata mtu," nikasema. Akacheka kidogo, akasema hata yeye angeng'ata. Mtoto huyu hajalala usingizi wa kweli pengine tangu aanze kutembea. Anaamshwa na koo lake mwenyewe mara nyingi kila usiku, halafu mchana mnamwita mvivu.

Alimwamsha, akamulika koo kwa tochi, akaniita nione. Tonsesi mbili, nono, zinagusana kama watu wawili waliokwama kwenye mlango mmoja. Na nyuma ya pua, anasema, kuna nyama nyingine. Akiwa macho anajitahidi, hewa inapita. Akilala koo linalegea, mlango unafungwa. Dawa ni kuziondoa. Atapelekwa Dar kwa bingwa wa koo. Nafasi katikati ya Julai. Mpaka siku hiyo alale ubavu, kichwa kiwe juu, na mafua yasipuuzwe.

Nikamuuliza, na tukiacha?

Moyo wake unafanya kazi zamu mbili, akasema. Mtu mzima hawezi hiyo miaka mingi, sembuse huyu.

Nilitoka nikiwa na hasira na furaha, sijui ipi ilikuwa juu. Nilimnunulia Dadi karanga. Alizimaliza, akalala, akakoroma, na mimi nikamshika ubavu mpaka nyumbani.

Jumatano, 16 Juni

Nilipanga kuwaeleza taratibu, kwa hekima. Dadi amenitangulia. Bibi yake amemuuliza viatu viko wapi. Akajibu, "Hatukununua. Daktari amenitia pamba puani."

Sikulifikiria hilo! Hapa pamba puani ni ya maiti. Anayeoshwa, akavikwa sanda, ndiye anayetiwa pamba. Bibi Magdalena alipiga ukelele majirani wakaja na majembe. Mpaka jioni nilikuwa ni yule Mnyamwezi aliyempeleka mtoto mjini kujaribiwa jeneza.

Athanas amekuja, hakutania safari hii. Nimemweleza yote. Kujibu, amejibu polepole, kama anayesoma amri. Koo hilo ni la Mzee Dadi. Halikatwi na kisu cha serikali. Kristina hatatia kidole kwenye karatasi ya hospitali kaka yake asipokubali, na kaka mtu hakubali mama yao asipokubali. Nimetazama safu hiyo yote ya watu mpaka mwisho wake. Mwisho wake ni ukuta wangu wa udongo.

Ijumaa, 18 Juni

Ukuta umesema.

Kristina alikuwa amelala. Kuingia chumbani kwa mkwe ni mwiko, lakini kuzungumza kupitia ukuta si mwiko. Nadhani hakuna aliyewahi kulifikiria.

"Mwalimu. Uko macho?"

"Niko macho, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nakusikia unamsalia mtoto Salamu Maria kila akinyamaza."

Nikakiri.

Halafu akasema, sauti ya chini, kwamba alilala chumba kimoja na kaka yake wakiwa wadogo, kwa sababu baba yao alikuwa mkali na yule mkoromo ulimpa moyo. Akaolewa, akafiwa, akarudi hapa, mkoromo ukamngoja chumba cha pili — hiki ninacholala. Usiku ule Mzee aliponyamaza, yeye alikuwa macho. Alisema, anasikiliza, nisimsumbue. Akasubiri mpaka kukapambazuka. Baada ya hapo hakujua tena usingizi, mpaka alipozaliwa mtoto huyu.

"Sasa unataka nimzike mara mbili," akasema.

Nililala chali nikilitazama giza na kumwonea huruma mama mkwe wangu, na wakati huo huo upande wa pili mwanangu akanyamaza, na sote wawili tukamsikiliza, kila mmoja kwa sababu yake.

Jumatatu, 21 Juni

Nimepata wazo. Ni la kijinga kiasi kwamba laweza kufanya kazi.

Mimi ndiye mwalimu wa kwaya ya kigango, na kwaya ina redio kaseti, zawadi ya masista. Padri anaitunza kuliko kalisi, kile kikombe cha misa. Nimesema nina wimbo mpya, unahitaji kurekodiwa usiku, sauti ya kwanza ni nzito. Hata dhambi si dhambi sana. Betri ndiyo taabu. Duka la kijiji lina chumvi na picha ya Rais. Nimezunguka mpaka nimepata sita kwa Bwana Shamba, nne hai, mbili mahututi. Tumeziweka juani zipate nguvu.

Alhamisi, 24 Juni

Nilimweleza mkwe kupitia ukuta: mama, mkoromo hautapotea. Tutauchukua tuutie kwenye mashine. Mtoto apone, Mzee abaki.

Kitanda chake kikalia, akageukia ukuta.

"Na utasikika kama wenyewe?"

"Kama wenyewe, mama."

Jana usiku Kristina ameipeleka redio kule. Bibi ameiwekea kigoda, ameifunika khanga mpya, ile ile doti ya faini yangu. Nimebonyeza kwa kidole cha Kristina, nikimwelekeza kupitia ukutani, kitufe chekundu, siyo hicho, chekundu. Upande mzima wa kaseti. Asubuhi tumeusikiliza wote barazani, kidogo tu, tusimalize betri. Lori limepanda mlima vizuri. Bibi Magdalena ametikisa kichwa, amecheka, amejifuta macho. Kwa Athanas amesema neno moja. Athanas kwangu amesema, "Haya, shemeji." Kristina ametia dole gumba kabla wino haujakauka kwenye jina langu.

Bado sijaiambia kwaya kwamba wimbo wa ekaristi na ule wa matoleo sasa ni mkoromo.

Jumatano, 7 Julai

Saba Saba. Mgeni rasmi kutoka wilayani, suti ya kola, miwani ya jua katika ukungu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amemwandikia kwamba mashine yetu ya kusaga inafanya kazi. Mashine yetu imekufa tangu Pasaka.

Kwaya ikaanza kupanga mistari. Kijana wa kwaya, apate kutukumbusha sauti, akaibonyeza redio karibu na kipaza sauti. Mkoromo ukajaa uwanja.

Mgeni rasmi akainua kichwa. "Hiyo ndiyo mashine ya kusaga?"

Mwenyekiti hakupepesa hata kope. "Ndiyo, Mheshimiwa. Inasaga ya kijiji jirani pia." Makofi. Mimi nilikuwa nimeuma leso.

Halafu ikafika ile sehemu. Kimya. Uwanja mzima, na mgeni rasmi, na bendera, tukasubiri. Kimya kikaendelea. Mgeni akauliza imezimika? Nilimtazama Athanas. Alikuwa ameweka mkono shingoni mwake mwenyewe, midomo inatembea. Anahesabu, au anasali. Pumzi ilipovutwa ile ya kishindo, yeye naye alivuta.

Jioni ametuletea nauli ya Dar, amesema atakwenda na Kristina na mtoto yeye mwenyewe, ndiye mjomba. Mimi mitihani ya darasa la tano. Baba ni mgeni aliyekaribishwa vizuri.

Jumatatu, 12 Julai

Wameondoka alfajiri. Dadi amevaa viatu — vya binti wa Mwalimu Margareth, vimejazwa karatasi mbele. Ameniuliza akishatolewa hizo nyama, wazee watamwamkia shikamoo nani? Nimemwambia wataniamkia mimi. Amesema haiwezekani, mimi siyo wa ukoo. Lori likamchukua.

Mkwe wangu hakutoka kuaga. Alisimama ndani ya mlango, ameshika fremu.

Si vizuri kulala paa moja na mama mkwe mke wangu hayupo. Nimetoa mkeka, nimelala barazani, chini ya dirisha lake. Redio nimeiazima tena kwa kwaya, na ameiwasha mapema. Mkoromo ukaanza na yeye naye akaanza, mwembamba, kama mbu akimfuata ng'ombe. Amelala unono. Kaseti ilikwisha, ikajizima, na hakuamka. Wapita njia wawili wamesema shikamoo. Kwa mazoea nikaitikia.

Nimemwombea Dadi. Nimefikiria kifua chake mkononi mwangu kwenye lile benchi. Kesho kutwa asubuhi ndiyo zamu yake ya kisu.

Jumanne, 13 Julai

Hakuna habari. Simu iko misheni, na misheni haijatuma mtu. Nimefundisha jiografia ya Kanada bila kuiona. Mkwe hakula mchana. Nilikuta ugali wake kwa kuku.

Nilizima kibatari barazani nikajifunika. Redio ikaanza. Leo hakulala. Nilijua kwa kitanda: kinalia kila akigeuka. Bila shaka ameunyoosha mkono ukakuta mkeka mtupu. Jana alikuwa amechoka kwa kuaga bila kuaga. Leo yuko macho, na yuko peke yake na ile sauti, kwa mara ya kwanza bila mwili wa mtoto ubavuni kumdanganya.

Ukaja ukimya.

"Dadi," akaita. Kama unavyomwita mtoto asimwage maji.

Mashine kimya.

"Dadi, vuta."

Nikaketi. Ndani akaanza, kwa haraka, sauti ya uzee ikijikwaa, "Salamu Maria, umejaa neema —" Nilikuwa naye kila neno. Nilitaka nimwambie, mama, hiyo ni kaseti, pumzi itarudi, naijua mahali pake. Sikuweza. Akapita kwa Yesu. Akapita kwa sisi wakosefu. Akafika "saa ya kufa kwetu" na hapo akakata, hakusema Amina.

Dirisha likagongwa kwa ndani, kwa nguvu.

"Mwalimu! Ingia."

Nilidhani sikusikia. Miaka tisa naingia kwenye kahawa za watu.

"Ingia, baba. Ingia uniamshie mtoto."

Nimeingia, na leo nina shati. Pumzi ilikuwa imeshavutwa tena nilipofika kitandani, lori linapanda. Alikuwa ameikumbatia redio magotini, khanga imeanguka begani na hakuijali. Akaniuliza kama ni kila usiku. Nikasema kila usiku, mama. Mara moja au mara nyingi? Mara nyingi. Akaniuliza na yule mwingine, kaka yake, ilikuwa hivi? Aliinama akawa anaipapasa ile redio kwa kiganja, mgongoni, kama unavyompapasa mtoto aliyepaliwa. Mimi nimejikalia kwenye kigoda kama mtu aliyezaliwa humu.

Ananiamuru niirudishe nyuma, nimeirudisha. Kila ukimya unapokuja anasali, na kila pumzi inapovutwa ananishika mkono. Mkono wa mkwe! Hakuna kuku wa kutosha wilaya hii. Anasema nimtafutie lori la kwanza, anakwenda Dar, kesho wasimkate mtoto yeye hayupo. Nimemwambia wanamkata asubuhi, mama, hatutawahi. Anasema basi nimtafutie la pili. Ameshafunga kitambaa chake cha safari, kipo hapa mlangoni, ndizi na rozari.

Naandika humu humu chumbani, juu ya goti. Mkoromo umeanza kwenda polepole. Unazidi kuwa mzito, unakuwa hasa wa mtu mzima, na Bibi Magdalena amenyanyua uso — amemjua kaka yake. Taratibu zaidi. Zaidi. Umesimama.

Nimemwambia ni betri, mama. Ni betri tu, zimekwisha.

Anasema nisizungumze. Tusubiri kidogo.